Mshona Magunia

Mgeni alisema nchi yetu imechanika, tuishone.
Makofi yakalia uwanja wa shule, Kitangari,
na mimi nikapiga, mkono mmoja ukiuchelewa mwingine,
maana kushona ndiyo kazi yangu.

Miaka kumi na mmoja ghalani. Sindano ndefu kama kiganja,
uzi wa katani, dole gumba gumu kuliko ganda la korosho.
Gunia, kilo themanini. Kunja mara mbili, acha masikio,
funga, kata, nani anafuata.
Kwa hiyo nisamehe, mheshimiwa, nilikusikiliza kama fundi:
ukishona gunia panya yumo ndani
hujashona kitu.
Umempa panya nyumba, na mlango wa kufunga.

Lakini wenzangu walitaka kushonwa. Siwacheki.
Tangu msimu ule wa malipo yasiyofika
tumegawana hata makaburi.
Fatu Nachinuku alifiwa na mume, na ng'ambo ya barabara
waliendelea kubangua, redio wazi.
Bombani foleni mbili, ndoo za kadi hii, ndoo za kadi ile,
na maji, yasiyo na kadi,
yanakatika kabla ya saa tatu kwa wote.
Utani nao umekufa. Myao akimchokoza Mmakonde
watu hutazama kwanza kofia aliyovaa
ndipo waamue kama ni kicheko.

Basi neno umoja lilipotamkwa, dada yangu Sijaona alilia.
Akaniminya kiwiko: Nyamaza, Mchopa. Leo tu, nyamaza.
Tumechoka kula tukichungulia dirishani.
Ana haki. Mwanawe alilala mahabusu siku arobaini
kwa swali hili hili ninalolitafuna.

Swali lenyewe fupi. Zile tani ziko wapi?
Wala si zote. Malori mawili tu, ya usiku wa Ijumaa,
stakabadhi ipo, mhuri upo, hela hakuna.
Tuliuliza chama, chama kikasema subirini.
Tuliuliza ghala, ghala likasema ulizeni chama.
Tulipouliza kwa sauti
tukaambiwa tunaigawa nchi.

Ajabu. Aliyebeba hakugawa.
Aliyehesabu ndiye mgawaji.

Pilau ikaja, nyama nyingi kuliko za harusi.
Kisha tukaamriwa kushikana mikono, kila mtu na jirani,
na mkono wangu wa kushoto ukamwangukia Likwena,
karani wa mizani, miaka miwili hatusalimiani.
Kiganja chake kilikuwa na jasho.
Akanong'ona, macho mbele, kwenye kipaza sauti:
Ulishona mangapi usiku ule?

Thelathini na saba, Likwena.
Wewe ulimulika kwa simu, mimi nikapitisha sindano.
Kokoto chini, korosho juu, kina cha kiganja,
na uzito ulivyokaa vibaya juu ya goti
nikajua. Nikashona. Nikalipwa mara mbili.
Yale mabati kumi ya jiko la Sijaona, yanayong'aa,
ambayo chini yake alimpikia mwanawe uji siku alipotoka,
ndiyo hayo.

Mshereheshaji alikuwa anatuhesabia, moja, mbili,
kwenye tatu tunyanyue mikono, tutaje taifa.
Nikanyanyua kwenye mbili.
Wa Likwena ukapanda pamoja na wangu, watu wakashangilia,
wakidhani tumewahi kwa furaha.
Nikangoja watulie. Koo lilikuwa kavu, lina punje ya mchele.

Mheshimiwa, nikasema, mimi ndiye niliyeshona.
Kabla hatujashona tena, naomba ruhusa ya kufumua.
Nianzie kwangu.

Kijiko kimoja kiligonga sahani.
Sijaona aliufuta uso kwa upande wa khanga, hakuuinua tena.
Na Likwena hakuuachia mkono wangu. Alizidi kuukaza,
mpaka leo sijui
kama alikuwa amenishika
au ananizuia.